HAMALI WA JOTO: ISTILAHI NA UTEUZI WA KIPOZA CHA PROSESA ILIYOCHAPUZWA

Utangulizi

Mijadala kuhusu istilahi za sayansi na teknolojia katika Kiswahili aghalabu hukomea kwenye swali la uundaji wa maneno: je, tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Ni swali halali, na wanaisimu wetu wamelishughulikia kwa miaka mingi. Hata hivyo, liko swali jingine ambalo halijapewa nafasi ya kutosha, nalo ni hili: neno tulilolichagua humwongoza vipi mtumiaji wake anapofika dukani akiwa na pesa mkononi? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutumia mfano mmoja mahsusi, yaani uteuzi wa kipoza cha kununuliwa kando kwa ajili ya prosesa ya tarakilishi ya mezani ambayo mapigo yake yameongezwa kupita kiwango cha kiwandani.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba dhana iliyomo ndani ya jina huamua maswali ambayo mnunuzi atauliza. Anayekiita kifaa hiki kitia-baridi atauliza kinatoa baridi kiasi gani, na muuzaji atamwonyesha kile kikubwa zaidi, au chenye taa za rangi nyingi zaidi. Anayekitazama kama hamali wa joto atauliza mzigo wenyewe ni wa uzito gani, hamali ataupitisha njia ipi, na atautua wapi. Maswali haya matatu ndiyo yatakayotuongoza.

Huenda msomaji akashangaa mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini ndani ya kasha la tarakilishi. Jibu ni rahisi. Anayekusanya data nyanjani siku hizi hurejea na saa nyingi za sauti na picha za video: mahojiano na manju, kumbukumbu za ngoma, usimulizi wa ngano. Kuzisafisha sauti hizo, kuzihariri video na kuendesha programu za kunukuu usemi ni kazi inayoikamua prosesa kwa saa nyingi mfululizo. Kwa mtafiti asiye na uwezo wa kununua mashine mpya, kuichapuza ile aliyo nayo ni njia mojawapo ya kuokoa muda, nayo mashine inayozimika ghafla katikati ya kazi inaweza kumgharimu data yake. Kwa yule anayechapa tasnifu peke yake, niseme wazi kwamba uchapuzaji haumletei faida yoyote. Kibodi haijui gigahazi.

Kupoa, kupoza na kupooza

Tuanze na neno. Kitenzi poa hueleza hali ya kitu kupungukiwa na joto. Chai hupoa, uji hupoa, hasira nayo hupoa. Kunyambuliwa kwake katika kauli ya kutendesha hutupa poza, na kutokana na poza tunapata kipoza, kwa utaratibu ule ule wa kuunda majina ya ala kwa kiambishi ki-. Umbo kipooza, ambalo nalo husikika, lina kasoro ya kusigana na pooza kwa maana ya kupoteza uwezo wa viungo. Sioni sababu ya kumbebesha msomaji utata huo ilhali umbo fupi lipo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba poa haina maana ya kuingiwa na baridi. Mama anayepoza uji wa mtoto kwa kuumimina kutoka kikombe hiki hadi kile haongezi kitu chochote ndani ya uji. Anaupa uji nafasi ya kuliachia joto lake hewani. Hawezi kamwe, kwa njia hiyo, kuufanya uji uwe wa baridi kuliko chumba alimoketi. Kiswahili kimeihifadhi fizikia hii ndani ya kitenzi, na ni hasara kuitupa kwa kuunda neno kama kitia-baridi. Kipoza cha feni au cha maji hakiwezi kuishusha prosesa chini ya halijoto ya hewa inayokizunguka. Kifaa kinachoweza kufanya hivyo ni jokofu, na hilo ni somo jingine, lenye tatizo lake la umande unaotonea juu ya saketi.

Kuhusu tendo lenyewe, mafundi wa mjini husema ovakloki. Napendekeza chapuza, kwa maana yake ya kawaida ya kuharakisha, kwa kuwa anayechapuza mwendo huongeza kasi ya kitu ambacho tayari kinakwenda. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliozaa programu ya Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ulitupa msamiati mwingi wa kile kinachoonekana kwenye kioo: faili, dirisha, hariri. Yaliyomo ndani ya kasha yameachiwa mafundi. Kwa hiyo pale ambapo mafundi wana neno, kama vile feni, pampu, soketi na pesti, nitalitumia neno lao.

Uzito wa mzigo

Mfano wetu ni prosesa ya Intel Core i7-2600K, iliyotolewa Januari 2011. Ni ya zamani, lakini tabia yake inafahamika kwa kina, na ni miongoni mwa prosesa zilizowafunza wengi sanaa ya uchapuzaji. Ina viini 4, hupiga mapigo ya msingi ya gigahazi 3.4, na kiwanda kiliiwekea kiwango cha joto cha wati 95. Herufi K mwishoni mwa jina ina maana kwamba kizidishi chake hakijafungwa: mapigo hupatikana kwa kuzidisha saa ya msingi ya megahazi 100 kwa 34, na mmiliki ana uhuru wa kukipandisha kizidishi hicho hadi, tuseme, 45. Hapo tunapata gigahazi 4.5.

Kabla ya kuendelea, ni muhimu kutoa tahadhari. Mashine nyingi za mitumba zilizo mikononi mwa wanafunzi wetu ni zile zilizostaafishwa na ofisi za ng'ambo, kama vile OptiPlex za Dell. Ubao mama wa mashine hizo hauruhusu kizidishi kuguswa, hata prosesa ikiwa na herufi K. Isitoshe, aghalabu plagi ya feni yake na namna ya kukifunga kipoza ni za kipekee. Mwenye mashine ya aina hiyo hana haja ya kipoza cha kununuliwa kando. Anachohitaji ni brashi ya kutolea vumbi na pesti mpya.

Joto linatoka wapi? Ndani ya prosesa mna mamia ya mamilioni ya transista, kila moja ikijazwa chaji na kumwagwa mara nyingi katika kila sekunde. Nguvu inayotumika katika kazi hiyo huenda sambamba na idadi ya mapigo, na huenda sambamba na mraba wa volteji. Neno mraba hapa ndilo kiini cha somo zima. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu, kwamba prosesa yetu inatumia wati 95 kwa gigahazi 3.4 na volti 1.20. Tukipandisha mapigo peke yake hadi 4.5, tunazidisha 95 kwa 4.5 na kugawa kwa 3.4, tunapata takriban wati 126. Lakini katika kasi hiyo volti 1.20 aghalabu hazitoshi: prosesa hukosea hesabu na mashine kuganda. Tukiipa volti 1.35, inatubidi tuzidishe tena kwa mraba wa 1.35 kugawa kwa 1.20, yaani takriban 1.27. Jumla inafika wati 159 hivi.

Msomaji atazame tena tarakimu hizo. Mapigo yaliongezeka kwa karibu thuluthi moja na yakaleta wati 31. Volteji iliongezeka kwa sehemu moja tu ya nane, nayo ikaleta wati 33. Nyongeza ndogo ya volteji ina uzito wa kuizidi nyongeza kubwa ya kasi. Ndiyo maana anayechapuza kwa busara hutafuta kwanza volteji ya chini kabisa inayostahimili kasi anayoitaka, kisha ndipo anapokwenda dukani. Anayeanza na duka hununua hamali kabla ya kuupima mzigo.

Vilevile, zile wati 95 zilizoandikwa kwenye kisanduku zisichukuliwe kuwa dari. Ni kipimo cha usanifu, kilichowekwa ili watengenezaji wa mashine wajue kipoza kipi kinatosha chini ya masharti ya kiwandani. Uchapuzaji huyavunja masharti hayo. Kipoza kidogo kilichokuja na prosesa kilisanifiwa kwa mzigo wa awali. Kukitwika wati 159 ni sawa na kumpa hamali wa gunia moja magunia mawili kasoro.

Njia anayopita hamali

Joto linazaliwa katika kipande cha silikoni kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kwa mengi. Kutoka hapo hupita kwenye kifuniko cha chuma cha prosesa, kisha kwenye utando wa pesti, kisha kwenye kitako cha kipoza, kisha kwenye mirija ya joto, kisha kwenye mapezi, na hatimaye hewani. Kila kituo hutoza ushuru. Ushuru huo huitwa ukinzani wa joto, nao hupimwa kwa nyuzi za Selsiasi kwa kila wati. Ukinzani wa kipoza ukiwa 0.20, kila wati moja itapandisha halijoto ya kitako kwa nyuzi 0.20 juu ya hewa inayoingia. Wati 159 zitaleta nyuzi 32 hivi. Ukiwa 0.35, wati zile zile zitaleta karibu nyuzi 56. Tofauti kati ya kipoza bora na kipoza hafifu imo katika tarakimu hii moja, ambayo kwa bahati mbaya wauzaji wengi hawaiandiki popote.

Kwa nini pesti ikahitajika, na vyuma viwili vimegusana? Kwa sababu nyuso za chuma, hata zikilainishwa vipi, zina mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, na mabonde hayo hujaa hewa. Shaba nyekundu hupitisha joto mara elfu kumi na tano hivi kuliko hewa iliyotulia. Pesti si mpitishaji bora wa joto. Ni duni sana kuliko shaba, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko hewa inayoiondoa. Kutokana na hayo yafuata kwamba ipakwe kwa uchache, kiasi cha kujaza mabonde peke yake. Wanaoipaka kama siagi juu ya mkate huongeza ukuta mahali walipokusudia kuweka mlango.

Mirija ya joto inastahili aya yake, kwa kuwa ndiyo iliyovigeuza vipoza vya feni kuwa vyombo vya maana. Wengi hudhani ni vyuma vitupu vilivyopindwa. La hasha. Kila mrija ni bomba la shaba lililofungwa pande zote, lenye maji kidogo sana ndani yake, na hewa yote ikiwa imenyonywa. Kwa kuwa kanieneo ya ndani ni ndogo, maji hayo huchemka katika halijoto ya chini sana kuliko nyuzi 100. Mvuke hukimbilia upande wenye ubaridi, kwenye mapezi, ukageuka tena kuwa matone, nayo matone yakarejea chini kupitia utando wa unga wa shaba ulioambatishwa kwenye ukuta wa ndani, kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi. Aliyewahi kufunua sufuria ya wali na kuona matone upande wa chini wa kifuniko ameiona nusu ya safari hiyo. Maji yanapogeuka mvuke hubeba joto jingi mno, na ndiyo sababu mrija wa milimita 6 humshinda kwa mbali mwenzake wa shaba tupu wenye unene uo huo.

Mifano ya vipoza vya aina hii ni mingi. Hyper 212 EVO cha Cooler Master kina mirija 4, mnara mmoja wa mapezi na feni moja ya milimita 120. NH-D15 cha Noctua, kilichotolewa 2014, kina mirija 6, minara 2 na feni 2, nacho kina uzito wa gramu 1,320 pamoja na feni zake. Peerless Assassin 120 SE cha Thermalright kina minara 2 na mirija 6 pia, kwa bei ya chini zaidi. Kwa mzigo wetu wa wati 159, mnara mmoja utaweza ila kwa jasho na kelele. Minara miwili itaubeba kwa utulivu.

Hata hivyo, kuna sehemu ya njia ambayo hakuna kipoza kinachoweza kuifikia. Mwaka wa 2012 Intel ilitoa i7-3770K, iliyoandikiwa wati 77, pungufu ya mtangulizi wake. Wachapuzaji waliitarajia kuwa na joto dogo zaidi. Kinyume chake, ilipochapuzwa ilipanda joto upesi. Katika 2600K kipande cha silikoni kiliunganishwa na kifuniko chake kwa lihamu; katika 3770K lihamu iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na pesti, tena silikoni yenyewe ilikuwa ndogo zaidi, hivyo joto likasongamana mahali padogo. Ukinzani ulikuwa chini ya kifuniko. Aliyenunua kipoza kikubwa zaidi alikuwa akimwongezea hamali nguvu ilhali mlango wa ghala ndio mwembamba. Lihamu ilirejea katika i9-9900K mwaka wa 2018.

Mahali pa kuutua mzigo

Hapa ndipo makala mengi ya ng'ambo yanapomwacha msomaji wetu, kwa kuwa huchukulia chumba chenye nyuzi ishirini na kitu na hewa ya usawa wa bahari. Tuvipime vyumba viwili vya kwetu. Chumba cha Nairobi chenye nyuzi 23, na chumba cha Mombasa mwezi wa Machi chenye nyuzi 32. Ndani ya kasha, hewa huongezeka joto kutokana na vifaa vingine. Tuseme nyuzi 5. Kwa kipoza chenye ukinzani wa 0.20, kitako kitafika nyuzi 60 Nairobi na 69 Mombasa. Kwa kile cha 0.35, kitafika 84 Nairobi na 93 Mombasa, na silikoni yenyewe huwa juu zaidi ya hapo. Prosesa ya 2600K hujipunguzia kasi inapokaribia nyuzi 98 ili isiungue. Kwa hiyo kipoza kile kile, mzigo ule ule, mmoja anafanya kazi na mwingine analipia kasi ambayo haipati.

Lakini Nairobi nayo ina hila yake. Mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Ukilinganisha hewa ya chumba cha Nairobi na ile ya Mombasa, pamoja na tofauti ya halijoto, kila lita ya hewa ya Nairobi ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15. Feni husukuma ujazo ule ule wa hewa pahali popote. Kinachopungua ni uzito wa hewa hiyo, na uzito ndio unaochukua joto. Kwa hivyo sehemu ya faida ya ubaridi wa Nairobi huliwa na wepesi wa hewa yake. Haiishi yote: nyuzi 9 za tofauti ni nyingi kuliko zile chache zinazopotea. Ila mkazi wa Nairobi, na zaidi yule wa Eldoret aliye juu kuliko huyo, asiyachukue matokeo yaliyopimwa pwani ya Ulaya kana kwamba ni yake.

Pwani ina adui mwingine, yaani chumvi. Hewa ya baharini hula alumini, na mapezi mengi ni ya alumini. Kwa anayeishi karibu na ufuo, kipoza kilichopakwa nikeli kina thamani ya zaidi ya urembo. Bara nako kuna vumbi. Mapezi yaliyobanana sana hupendeza dukani lakini hujaa vumbi jekundu kabla ya muhula kwisha, na mapezi yaliyoziba ni kama uchochoro uliowekewa kontena.

Kelele nayo ni sehemu ya gharama, hususan katika chumba cha bweni chenye wanafunzi wawili au watatu. Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, ujazo wa hewa hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, tofauti ambayo sikio huitambua mara moja. Feni pana inayozunguka polepole ni bora kuliko feni ndogo inayopiga mayowe. Hii ndiyo faida halisi ya kipoza kikubwa kwa mtu ambaye angeweza kuridhika na cha wastani: anapata halijoto ile ile, na mwenzake anapata usingizi.

Je, maji?

Kipoza cha maji kilichofungwa kiwandani kina pampu juu ya prosesa, mipira miwili, na rejeta yenye mapezi na feni, kama ile ya gari. Jina lake huwapumbaza wengi wakadhani maji ndiyo yanayopoza. Maji ni mchukuzi tu. Mwishowe joto hutuliwa hewani vilevile, na hewa ile ile ya chumba ndiyo inayoamua. Rejeta ya milimita 120 haina faida kubwa juu ya mnara mzuri wa feni, na ina sehemu nyingi zaidi za kuharibika. Rejeta za milimita 240 na 360 hufaa pale mzigo unapopita ule wa mfano wetu, au pale kasha halina kimo cha kuupokea mnara. Pampu hufa siku moja bila taarifa, na maji hupungua polepole kupitia kuta za mipira kwa miaka. Feni iliyokufa hubadilishwa kwa dakika kumi na ile iliyookotwa kwenye mashine nyingine. Kwa mwanafunzi wa kawaida, mimi ningechagua mnara. Anayechagua maji ahakikishe kwamba sehemu ya juu ya rejeta iko juu ya pampu, ili hewa iliyonaswa ikusanyike huko na isiikaukishe pampu.

Vipimo vya kabla ya kulipa

Mambo haya ni machache lakini ndiyo yanayowarejesha watu dukani. Kimo: Hyper 212 EVO kina milimita 159, NH-D15 kina 165, na makasha mengi membamba hayawezi kuvipokea, pima kutoka juu ya prosesa hadi kwenye ukuta wa kasha. Kumbukumbu: vipande vyenye vifuniko virefu hugombana na feni ya mbele. Soketi: mashimo ya ubao mama wa LGA 1155 wa prosesa yetu yako umbali wa milimita 75, sawa na yale ya LGA 1156, 1150, 1151 na 1200, hivyo kipoza cha mojawapo huingia kwa nyingine. LGA 775 ya zamani ina milimita 72, na LGA 1700, iliyokuja 2021, ina 78. Hapo uliza kama vyuma vya kufungia vimo kisandukuni. Kipoza kinachokaribia kukaa sawasawa hakijakaa.

Kile ambacho kipoza hakiwezi

Kipoza kizuri huleta kishawishi. Mtu huona nyuzi 65 akajiambia bado kuna nafasi, akaongeza volteji. Lakini volteji huidhuru silikoni hata pale joto linapokuwa la wastani. Mwaka wa 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiyumba kutokana na volteji iliyozidi, ikarefusha udhamini wake kwa miaka miwili. Baadhi ya wamiliki wake walikuwa na vipoza vya bei ghali kabisa. Na prosesa za siku hizi zimebadili hesabu kwa namna nyingine: Ryzen 9 7950X ya AMD, iliyotoka 2022, imesanifiwa kupanda hadi nyuzi 95 kwa makusudi na kukaa hapo, ikiongeza mapigo kadiri kipoza kinavyoruhusu. Kwa prosesa kama hiyo, kipoza bora hakishushi tarakimu ya joto inayoonekana kwenye kioo, hununua kasi.

Baada ya kukifunga kipoza, endesha programu ya mzigo mzito kama Prime95 kwa muda wa saa moja angalau, mchana, wakati chumba kina joto lake halisi, kasha likiwa limefungwa. Halijoto hupanda kwa dakika kadhaa za mwanzo kisha hutulia. Tarakimu ya kuandika ni ile ya baada ya kutulia. Andika pia halijoto ya chumba, maana bila hiyo tarakimu ya kwanza haina maana kwa msomaji mwingine. Ikiwa 2600K imetulia chini ya nyuzi 80 katika jaribio hilo, kazi za kawaida za kuhariri sauti hazitaifikisha hapo. Ikipanda hadi 90, shusha volteji hatua moja na kizidishi kutoka 45 hadi 43 kabla ya kufikiria kipoza kingine. Kwa hesabu yetu, kushuka hadi gigahazi 4.3 kwa volti 1.28 kunarudisha mzigo kwenye takriban wati 137.

Na muhula unapofungwa, mashine ikisafirishwa kwa basi kurudi nyumbani, mnara wa zaidi ya kilo moja ufunguliwe na kubebwa kando. Unaning'inia kwa skrubu nne kwenye ubao mwembamba, na matuta ya barabara zetu hayajui herufi K.